Hivi kwa nini vijana wetu wakifika Marekani wanaanza hivi vyuo vya miaka miwili halafu hawamalizi?

#1 Mzee wa Kaliua
Salaam wanajukwaa.
Naomba kueleweshwa. Mtoto wa dada yangu yuko Kansas, mwaka wa sita sasa. Alipata green card ya bahati nasibu, ukoo mzima tukachanga nauli, bibi yake akauza mbuzi wawili. Alipofika akaanza chuo, kile wanachokiita komyuniti koleji. Alituambia ni miaka miwili tu anapata stashahada. Miwili ikawa mitatu, mitatu ikawa minne, sasa hasomi kabisa. Nikimuuliza anasema, "Mjomba, nimesimamisha kidogo." Kidogo gani hicho cha miaka miwili?
Nina wenzangu wawili wenye vijana huko, mmoja Texas, mwingine Minnesota. Hadithi ni ile ile. Masomo ni magumu? Wamelewa dola? Au vyuo vyenyewe ni vya kitapeli? Mlioko huko semeni ukweli, msituonee haya.

#2 Kiboko ya Boksi
Jibu ni moja, mzee: boksi. Uzi ufungwe.

#3 Tumbili Mjanja
Nimeweka kambi hapa na kahawa yangu. Wajuzi waje.

#4 Seremala Mstaafu
Komyuniti koleji si ndiyo vile vyuo vyetu vya maendeleo ya wananchi, FDC? Mimi nimesomea useremala huko. Tulianza 31, tukamaliza 19. Wengine waliitwa shamba kulima, wengine walipata vibarua vya kupaua nyumba wakaona cheti cha nini. Kwa hiyo mzee usishangae Marekani, hata hapa watu wanaachia njiani.

#5 Mwalimu wa Zamu
Seremala, majina yanafanana tu. FDC zetu zilianza 1975, Mwalimu Nyerere wazo lake alilitoa Sweden, na lengo lilikuwa mtu mzima apate ujuzi abaki kijijini. Za Marekani ni kitu kingine. Cha kwanza cha umma kilianza 1901 Joliet, jimbo la Illinois, na kilianzishwa kumfundisha mtu ile miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu akiwa kwao, kisha ahamie chuo kikuu amalizie. Baadaye wakaongeza ufundi, unesi, uhasibu, polisi, kila kitu. Leo viko kama elfu moja hivi nchi nzima. Na mlango uko wazi: ukiwa na cheti cha sekondari unaingia, hakuna cha divisheni wala pointi. Ada kwa mkazi wa eneo ni kama dola 4,000 kwa mwaka.
Kwa hiyo mzee, si vya kitapeli. Ni vya umma.

#6 Tumbili Mjanja
Mlango uko wazi wa kuingilia na wa kutokea 😂

#7 Dada Nesi
Kiboko, kusema ni vibarua vya kubeba boksi tu ni jibu la kijiweni.
Niko Minnesota mwaka wa 11. Nilianzia chuo cha jamii, ndiyo hiyo komyuniti koleji, nikitaka unesi. Watu wa nyumbani wakisikia "miaka miwili" wanaanza kuhesabu siku umetua uwanja wa ndege. Haiko hivyo. Ile miwili inaanza kuhesabiwa ukishapokelewa kwenye unesi wenyewe. Kabla ya hapo kuna masomo ya sharti: anatomia na fiziolojia ya kwanza, na ya pili, mikrobaiolojia, saikolojia, Kiingereza cha kuandika insha. Vyuo vingi vinataka na mtihani wa TEAS juu yake. Kama unafanya kazi, hayo peke yake ni miaka miwili, mitatu.
Ukimaliza unaomba nafasi. Nafasi ni chache, kwa sababu walimu wa unesi ni wachache na wodi za kufanyia mazoezi ni chache. Mimi nilikataliwa mara mbili nikiwa na B zangu safi. Na hapo ndipo watu wanapopotelea, si darasani. Mwaka wa kusubiri huna somo la kusoma, una cheti cha CNA, yaani msaidizi wa nesi, nyumba ya wazee inakuomba shifti za ziada kila wiki. Unachukua moja, unachukua mbili, unanunua gari. Barua ya kukubaliwa inakuja una mkopo wa gari na huwezi tena kupunguza masaa.
Mimi nilimaliza mwaka wa sita. Kazini saa 5 usiku hadi saa 1 asubuhi, saa 3 niko maabara napasua kitoto cha nguruwe huku macho yanafumba. Mwalimu aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia naumwa kodi ya nyumba.

#8 Kiboko ya Boksi
Dada umeandika aya tatu kusema neno langu moja. Boksi.

#9 Dada Nesi
Wewe ulimaliza?

#10 Kiboko ya Boksi
Tusiingie huko.

#11 Tumbili Mjanja
😂😂😂 Kahawa imenipalia.

#12 Mtu wa Takwimu
Kabla hamjawalaumu vijana, mjue kinachohesabiwa. Ile asilimia ya wahitimu inayotangazwa inatokana na sheria ya 1990. Wanamchukua mwanafunzi aliyeanza chuo kwa mara ya kwanza, anayesoma muda wote, wanampa miaka mitatu kwa kozi ya miwili. Akizidisha hapo, amehesabiwa hakumaliza. Sasa katika vyuo hivi takriban theluthi mbili ya wanafunzi wanasoma nusu-muda. Hao hawamo kabisa kwenye hesabu hiyo. Na aliyehamia chuo kikuu bila kuchukua stashahada anawekwa safu nyingine, si mhitimu.
Ila msifurahi sana. Hata ukiacha kipimo hicho, shimo lipo. Katika kila wanafunzi kumi wanaoingia, kama wanane wanasema wanataka kufika digrii. Wanaofanikiwa kuhama kwenda chuo kikuu ni kama theluthi moja ya walioanza, na wanaoipata digrii ndani ya miaka sita ni kama 16 katika kila 100. Hapo hakuna cha boksi la Mtanzania, hao ni Wamarekani wote kwa jumla.

#13 Mzee wa Kaliua
Nashukuru. Sasa mpwa wangu amefeli au hajafeli?

#14 Mtu wa Takwimu
Kama alikuwa nusu-muda, mzee, kitakwimu hayupo.

#15 Mzee wa Kaliua
Hayupo na mbuzi wameliwa.

#16 Karani wa Masjala
Nimsahihishe kidogo #12. Siku hizi wanakusanya pia takwimu za nusu-muda na za waliohamia kutoka vyuo vingine, wanawafuatilia mpaka miaka minane. Ila magazeti bado yanapenda ile ya zamani kwa sababu inatisha.

#17 Mtu wa Takwimu
Sahihi. Asante.

#18 Bahati wa Nyarugusu
Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni Mkongomani, nimekulia kambi ya Nyarugusu huko Kigoma, sasa niko Marekani, jimbo sitalitaja kwa sababu chuo changu ndicho cha pekee mjini kwetu.
Nilifika nikiwa na miaka 24. Siku ya kwanza pale chuoni waliniketisha mbele ya kompyuta, mtihani wa kupangiwa darasa. Hakuna aliyeniambia ule mtihani ni wa maana, nilidhani ni fomu. Hesabu mimi nilizisoma kambini kwa Kifaransa, mtaala wa Kongo. Hapa zikaja kwa Kiingereza tena kwa maneno: treni imetoka huku, nyingine imetoka kule, zitakutana wapi. Hesabu nilikuwa naijua. Sikujua wanachosema. Wakaniweka hesabu za chini kabisa, ngazi tatu chini ya ile inayohesabiwa. Kila ngazi muhula mmoja, kila ngazi inalipiwa, na hakuna hata moja inayoingia kwenye stashahada.
Na Kiingereza vilevile. Pell, ile ruzuku ya serikali, ina kikomo: mihula 12 ya muda wote maisha yako yote. Mimi nilianza kuila kabla sijagusa somo moja la fani yangu. Darasani tulianza watu wengi, wengine Waburundi, Wasomali, Wanepali. Niliyekutana naye tena huko juu ni mmoja. Wengine sikuona mtu akifukuzwa. Waliacha tu kuja, kiti kimoja kimoja.

#19 Kamaa wa Lowell
Wueh, Bahati, pole sana bro. Hiyo ya viti imenigusa.
Lakini mnaona huyu Mkongomani anaongea Kiswahili kuliko sisi wote wa Nairobi?

#20 Mwalimu wa Zamu
Kuwapita nyinyi si sifa, Kamaa. Hata redio inawapita.

#21 Kamaa wa Lowell
😂 Nimekubali. Naendelea.

#22 Kibarua wa Hesabu
Bahati ameeleza tatizo ambalo mimi naliona kutoka upande wa pili wa meza, maana nafundisha hesabu kwenye vyuo hivi.
Ule mfumo wa ngazi ulikuja kugundulika kuwa ndio unaoua watu. Kila ngazi hata wakifaulu 7 kati ya 10, fanya hesabu mwenyewe: baada ya ngazi tatu wamebaki kama 34 katika 100, na hapo hujamhesabu aliyefaulu lakini hakurudi muhula uliofuata. Ndiyo maana majimbo yakaanza kuuvunja. Florida walipitisha sheria 2013, wahitimu wengi wa sekondari zao hawalazimiki tena kufanya ule mtihani. Tennessee kuanzia 2015 wakasema mtu aingie moja kwa moja darasa lenye krediti, yaani linalohesabiwa kwenye stashahada, na pembeni apewe saa za ziada za kusaidiwa, muhula huo huo. California wakaja na sheria yao ya AB 705 ya 2017, chuo kiangalie alama zako za sekondari kabla ya mtihani wowote. Kote huko waliofaulu hesabu ya kwanza yenye krediti ndani ya mwaka mmoja waliongezeka, Tennessee waliongezeka mara kadhaa.
Lakini niseme na upande ambao wanasiasa hawausemi. Darasani kwangu sasa nina mtu aliyesahau sehemu, nusu na robo, amekaa na mtu anayetaka uhandisi. Wanaofaulu ni wengi kuliko zamani, na wanaoanguka nao nawaona wengi, kwa sababu zamani wasingefika kwangu. Na zile "saa za ziada" zinategemea nani anazifundisha. Mimi nalipwa kwa somo, nafundisha vyuo vitatu, ofisi yangu ni buti ya gari. Mwanafunzi akinitafuta saa 9 alasiri mimi niko barabara kuu. Walimu wengi wa vyuo hivi ni vibarua kama mimi. Hilo nalo mliweke kwenye orodha ya sababu.

#23 Shangazi wa Kisauni
Mwalimu naye abeba boksi, lake limejaa vitabu.

#24 Kamaa wa Lowell
Sasa niongeze yangu, na hii ndiyo naona imewamaliza watu wetu wengi huku Massachusetts: ile herufi W.
Ukiona somo linakushinda unajiondoa, unaandikiwa W badala ya F. Kila mtu anakwambia "chukua W, haigusi GPA," yaani wastani wa alama zako. Ni kweli haigusi GPA. Inagusa pesa. Ili uendelee kupata Pell lazima uwe umepita kama asilimia 67 ya krediti ulizojaribu, na GPA isiwe chini ya 2.0. W inahesabika ulijaribu na hukupita. Watatu kati ya marafiki zangu walichukua W mbili mbili wakifikiri wanajiokoa. Muhula uliofuata wakaambiwa hakuna ruzuku.
Mbaya zaidi, ukiacha masomo yote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya ile ruzuku inarudishwa serikalini, chuo kinakugeukia wewe ulipe pengo. Hujalipa, usajili umefungwa. Mtu anasema "nimesimamisha kidogo" kumbe amefungiwa kwa sababu ya dola mia kadhaa na anaona aibu kusema.

#25 Mzee wa Kaliua
Hapo Kamaa umenishtua. "Nimesimamisha kidogo" ndiyo maneno yenyewe. Nitamuuliza.

#26 Mjukuu wa Bumu
Kwa hiyo ni kama kudisko tu, kuondolewa chuo, ila huku kwetu unadisko kwa sapu, mitihani ya kurudia, na kule unadisko kwa karatasi.

#27 Dada Nesi
Tofauti kubwa: kule unaweza kukata rufaa. Kuna fomu, unaeleza ulikuwa na ugonjwa, msiba, kazi ilibadilika, unaambatanisha ushahidi na mpango wa kumaliza. Wengi wanakubaliwa. Shida hakuna anayekuambia fomu ipo, na sisi tumelelewa kuamini barua ya ofisi ni amri.

#28 Mpemba wa Bronx
Asalaam alaykum. Nimesoma yote nikaona New York haijatajwa.
Mimi nilimaliza stashahada chuo kimoja cha CUNY, vile vyuo vya umma vya jiji la New York, na nilimaliza kwa sababu ya programu inaitwa ASAP. Ipo tangu 2007. Unasaini kwamba utasoma muda wote, basi ujue wamekushika. Nauli ya treni ulikuwa unapewa kadi kila mwezi, vitabu umesaidiwa, pengo la ada baada ya ruzuku wanaliziba wao, na una mshauri wako mmoja, yule yule, ambaye huna ujanja wa kumkwepa. Usipoenda kumwona, kadi ya treni huioni. Hapo ndipo palipokuwa na akili. Nilikuwa naenda kwa ajili ya kadi, nikifika ananiuliza, "Ile insha ya Jumatatu umeshaipeleka?"
Waliifanyia utafiti wa bahati nasibu kweli, nusu ya waliokubali waliingizwa, nusu wakaachwa waendelee kama kawaida, na wote walikuwa watu wa kupangiwa masomo ya chini yasiyohesabiwa, kama Bahati. Baada ya miaka mitatu walioingizwa walikuwa wamemaliza 40 katika 100, walioachwa 22. Vyuo vitatu vya Ohio vikaiga, wakapata 35 kwa 19. Hawa ni watu wale wale. Hakuna aliyebadilishiwa ubongo.

#29 Kiboko ya Boksi
New York ina treni. Kansas utampa mtu kadi ya nini, apande ng'ombe?

#30 Mpemba wa Bronx
Ohio walikuwa wanatoa kadi ya mafuta na ya kununulia chakula. Kuna swali jingine?

#31 Mtu wa Takwimu
Mpemba namba zako ziko sawa. Ila tusisahau sharti la kusoma muda wote. Dada Nesi mwenye kodi na shifti za usiku asingesaini. Kwa hiyo ASAP inasaidia wanaoweza kupunguza kazi. Halafu kwa mwanafunzi mmoja ni ghali zaidi kuliko kawaida, ingawa ukigawanya kwa idadi ya wahitimu kila mhitimu anatoka kwa gharama ndogo. Mabunge ya majimbo hayapendi hesabu ya pili, yanaangalia ya kwanza.

#32 Dada Nesi
Nisingesaini kweli.

#33 Fundi AC
Mimi niko Texas, upande wa Amarillo. Chuo cha hapa mwaka 2023 kilipata tuzo ya Aspen, ile ya vyuo vya jamii bora, wakagawana na kimoja cha California kinaitwa Imperial Valley. Sifa yao kubwa hawakuanza na darasa. Walianza na njaa. Kuna ofisi katikati kabisa ya chuo, unaingia unasema gari limeharibika, au sina chakula, au umeme umekatwa, wanashughulika. Rais wao wa wakati huo alikuwa anasema wazi kwamba kinachowatoa wanafunzi wake ni umaskini kuliko hesabu.
Kitu kingine walibadili mihula. Badala ya wiki 16 na masomo manne kwa pamoja, wanafanya wiki 8, masomo mawili mawili. Odessa, huku huku Texas, walitangulia na hiyo. Mtu wa boksi anaielewa: gari likikufia wiki ya sita umepoteza masomo mawili, si manne. Na wiki ya tisa unaanza upya.

#34 Kibarua wa Hesabu
Wiki 8 kwa hesabu ni mbio za panya. Mwanafunzi akiumwa siku nne amekosa sura nzima. Odessa nasikia sifa zao nyingine ndizo nazikubali: mwalimu ajue jina la kila mwanafunzi mapema, aketi naye ana kwa ana mwanzoni mwa muhula, akiona dalili za kupotea amfuate. Haina bajeti hiyo. Inataka tu mwalimu asiye barabarani, turudi kwenye buti yangu.

#35 Njoroge wa Ruiru
Na wale walioenda na viza ya mwanafunzi? Binti yangu anataka kwenda Houston.

#36 Karani wa Masjala
Hao Pell hawapati, wanalipa ada ya wageni ambayo ni mara kadhaa ya ile ya mkazi, kazi bila kibali maalumu ni ndani ya chuo tu na isizidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Lazima wawe na krediti 12, na somo la mtandaoni linalohesabiwa humo ni moja tu. Akishuka chini ya 12 bila ruhusa, viza ina matatizo.

#37 Kamaa wa Lowell
Na uchunguze, hao ndio wanamaliza! Wale tuliokuwa nao wa viza karibu wote walitoka na karatasi. Wa green card kama sisi, tulio na kila msaada, ndio tulibaki tukizunguka. Ukibanwa unamaliza.

#38 Shangazi wa Kisauni
Wa viza baba yake ameuza shamba, Kamaa. Usichanganye kubanwa na kuwa na shamba.

#39 Mjukuu wa Bumu
Mimi nina digrii ya hapa Bongo, natarajia kwenda kwa green card mwakani. Nikisoma unesi chuo cha jamii napata hiyo Pell?

#40 Karani wa Masjala
Hapana. Pell ni kwa asiye na digrii ya kwanza, na digrii ya nje nayo inahesabika. Usije ukaificha kwenye FAFSA, ile fomu ya kuombea msaada wa serikali, unasaini kisheria. Angalia misaada ya jimbo utakalofikia na ya chuo chenyewe.

#41 Mjukuu wa Bumu
Yaani digrii imenikosesha kazi hapa na ruzuku kule. Asante mkuu.

#42 Mama Ntilie wa Dallas
Wote mmezunguka mbuyu. Nataka kumuuliza mwenye uzi swali moja, naomba asikasirike. Mzee, mwaka ule alioacha masomo huyo kijana alituma pesa nyumbani mara ngapi?

#43 Tumbili Mjanja
Eeh. Naongeza kahawa.

#44 Mzee wa Kaliua
Sikasiriki. Wacha nihesabu.
Ada ya wadogo zake wawili, Januari na Julai. Bati za nyumba ya bibi, mwezi wa tatu. Dada yangu alilazwa mwezi wa tano, akalipa. Msiba wa baba yake mdogo. Harusi ya binamu, hiyo nilimwambia mimi mwenyewe kwamba mchango wake unasubiriwa kwenye kamati. Pikipiki, ile ilikuwa mkopo. Na Krismasi.

#45 Mama Ntilie wa Dallas
Somo moja la krediti tatu chuo cha jamii, ukiwa mkazi, ni dola mia tatu, mia nne na kitu. Gawanya mwenyewe.

#46 Kiboko ya Boksi
Nilisema boksi mkanicheka.

#47 Dada Nesi
Mama Ntilie, nakuheshimu, ila hapo sikubali moja kwa moja. Nilituma nyumbani miaka yote sita na nilimaliza. Na nina Wamarekani weupe nilioanza nao, hawatumi hata senti kwa bibi yao, hawakumaliza. Ukisema ni ndugu, zile 16 katika 100 za #12 utazielezaje?

#48 Mama Ntilie wa Dallas
Hao wana mikopo ya magari na watoto wa kulea peke yao. Kila mtu ana ukoo wake, wa kwao umekaa benki.

#49 Bahati wa Nyarugusu
Mimi naona mnagombania mlango wakati nyumba ina milango mingi. Mimi sikutuma pesa, sikuwa na wa kumtumia. Iliniangusha treni.

#50 Seremala Mstaafu
Na je, kama mtu ameamua tu hataki? Wale 12 wa darasa letu, mmoja leo ana karakana ameajiri wawili kati ya sisi 19 tuliomaliza. Kijana wa Kansas labda yuko sawa. Ana kazi, anaezeka nyumba za watu. Nyie mnamlilia cheti.

#51 Kibarua wa Hesabu
Seremala, kwa kuchomea vyuma au magari ni kweli, cheti kifupi cha mwaka kinatosha na wengi wanaondoka wameshapata walichofuata. Ila bila ile karatasi CNA anabaki CNA. Mgongo wa kunyanyua wazee una miaka yake.

#52 Kamaa wa Lowell
Mzee, ulimuuliza?

#53 Mzee wa Kaliua
Nimezungumza naye jana, saa 9 usiku ya huku, alikuwa mapumziko kazini. Nilimuuliza kama Kamaa alivyonielekeza, habari ya kufungiwa. Akanyamaza kidogo, halafu akacheka. Ni dola 612. Aliacha masomo muhula ule aliougua dada yangu. Akachukua shifti mbili kwa siku, hakwenda darasani, hakuaga.
Nikamwambia anitumie matokeo yake. Amenitumia picha, sielewi kitu. Naona imeandikwa krediti 57.

#54 Karani wa Masjala
Stashahada nyingi ni 60 au kuzidi kidogo. Mzee, soma chini yake, mahali pameandikwa mahitaji yaliyobaki.

#55 Mzee wa Kaliua
Limebaki somo moja. Nimemuuliza maana yake, anasema ni la kusimama mbele ya watu na kutoa hotuba.

#56 Tumbili Mjanja
Miaka miwili anaogopa kuhutubia!

#57 Kamaa wa Lowell
Somo moja! Na 612! Mwambie aende ofisi ya fedha aombe kulipa kidogo kidogo, vyuo vingi vinakubali. Halafu rufaa ya Dada Nesi #27, hospitali ya mama yake si ushahidi huo?

#58 Dada Nesi
Risiti za hospitali anazo nani?

#59 Mzee wa Kaliua
Ninazo mimi, kwenye bahasha pamoja na za bati. Zimeandikwa kwa Kiswahili. Zitafaa?

#60 Bahati wa Nyarugusu
Atafute mtu huku wa kuzitafsiri na kusaini. Mimi nafanya kazi hiyo Jumamosi. Njoo faragha, mzee, sitakudai.

#61 Mzee wa Kaliua
Nakuja. Na kamati ya harusi imenipigia tena asubuhi hii, ya binamu wa pili.

#62 Shangazi wa Kisauni
Waambie hayupo, kitakwimu.

#63 Njoroge wa Ruiru
😂 Jamani kabla hamjatoka, Houston kodi ya chumba ni ngapi siku hizi?